Nta Kwenye Kifungo cha Kigari cha Yangyu

Saa mbili kamili asubuhi king'ora kinalia, na Mo Caixia anamfunga mkanda mteja wake wa kwanza. Mteja ana kilo kumi na tano. Hana kichwa, hana miguu, na hajawahi kulia tangu azaliwe. Ni mfuko wa turubai uliojazwa mchanga. Wafanyakazi wa chumba cha majaribio wanamwita Bosi Mdogo, kwa sababu anasukumwa siku nzima na hajawahi kumshukuru mtu.

Kifungo cha mkanda kinalia: ka! Caixia anatia alama kwenye karatasi. Kifungo kisicholia ni kasoro, kigari kizima kinarudishwa. Mama aliye mbali huko, atakayekinunua, anatakiwa asikie kwamba mwanawe amefungwa.

Bosi Mdogo na kigari chake wanapandishwa juu ya mashine yenye vigongo kama vya barabara mbovu, na kuanza kutikiswa. Atatikiswa hadi baada ya saa nne. Caixia anahamia kigari cha pili: anakikunja, anakikunjua, anakikunja. Mara mia tatu. Anahesabu huku midomo ikicheza kama mtu anayesali.

"Mia moja arobaini na mbili," anasema bila kuinua macho. "Nikipotea naanza upya. Kama una swali, subiri mia tatu."

Caixia ana miaka ishirini na tisa, na huu ni mwaka wake wa sita katika kiwanda hiki cha vigari vya watoto, pembezoni mwa mji wa Zhongshan, kusini mwa China. Ndani ya ovaroli ya bluu amevaa mkanda mpana wa mgongo. Pingili mbili za chini zimesogea.

"Daktari alisema nisiiname," anaeleza baada ya mia tatu. "Nikamuuliza, kwa hiyo vigari vitakuwa vinajiinua vyenyewe? Akaniandikia dawa ya kuchua."

Maagizo yakiwa mengi, analipwa yuan elfu nne na mia tatu kwa mwezi. Mwezi uliopita ilikuwa elfu tatu na mia moja, kwa sababu vigari vinaagizwa kidogo. Ukiuliza sababu, msimamizi anasema watu hawazai. Chumba kizima kimejaa wanawake waliozaa, ila watoto wao hawapo Zhongshan.

Wa Caixia pia hayupo. Jina lake la vyeti ni Shi Linchuan, lakini nyumbani anaitwa Yangyu, yaani kiazi, kwa sababu alizaliwa mviringo na mwenye vumbi, kama baba yake anavyodai. Ana miezi kumi na mitano. Tangu Juni yuko kwa bibi yake milimani, kusini mwa mkoa wa Guizhou. Mama yake anataka jambo moja tu, arudi.

Hadi Juni hiyo, mtoto hakuhitaji bibi wala kigari. Caixia alifanya kazi mchana, na mumewe, Shi Dengke, alikuwa zamu ya usiku kwenye mitambo ya kukunja mabomba ya alumini. Walikabidhiana mtoto getini kila saa mbili kasoro asubuhi, na tena jioni. Mbeleko ilihama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, ikiwa bado na joto.

"Mlinzi alikuwa anatuimbia wimbo wa kubadilisha gwaride," anakumbuka Dengke, mwanaume mrefu anayeongea akijikuna kidevu. "Mimi na Mama Yangyu karibu mwaka mzima hatujawahi kulala kitanda kimoja siku ya kazi. Lakini mtoto alikuwa na mtu saa zote."

Kisha zamu ya usiku ikafutwa. Wote wawili wakawekwa mchana, na tangazo lilibandikwa Jumatano ili lianze kutumika Jumatatu, siku kumi na mbili baadaye. Mwanamke wa jirani anayelea watoto alitaka yuan elfu mbili na mia sita kwa mwezi. Chumba ni mia sita na hamsini. Kuna chakula, kuna maziwa, kuna dawa za baba mkwe.

"Tulihesabu mara tatu," anasema Dengke. "Mara ya nne yeye akasema, basi, apelekwe kwa mama. Alisema yeye, siyo mimi. Lakini nilikuwa nasubiri aseme, kwa hiyo ni kama nilisema mimi."

Ruhusa ilitolewa kwa mmoja tu, siku nne. Dengke angeondoka, mtambo wake ungepewa mtu mwingine. Ikawa zamu ya Caixia: saa kumi na tisa ndani ya treni, saa mbili na nusu ndani ya basi, kisha ngazi za mawe mia mbili na kumi na nne hadi mlangoni kwa mkwewe. Na mgongo ambao haubebi tena mbeleko.

Ndipo mwanamke aliyekunja vigari mara nyingi kuliko alivyovaa viatu akaanza, kwa mara ya kwanza maishani, kutafuta cha kwake.

Kiwanda kinaruhusu wafanyakazi kununua vyenye mikwaruzo kwa bei ndogo. Viwili vilikuwa rafuni. Cha kwanza kilikuwa chepesi kuliko vyote vinavyotengenezwa hapo, kilo nne na nusu, kinakunjwa kwa mkono mmoja na kuning'inizwa begani kama mkoba. Cha pili kilikuwa na kilo sita na nusu, chakavu kidogo kwenye mpini, na kukikunja kunataka mikono miwili na tusi moja.

Ushauri haukukosekana. Pang Shuzhen, mwenye miaka arobaini na saba, anakaa meza ya breki, mkabala na Caixia. Wote wanamwita Dada Pang. Ametoka mkoa wa Hunan, anatafuna mbegu za alizeti kutwa nzima, na hajawahi kunyima mtu maoni.

"Wewe chukua hicho chepesi, acha ujinga," alimwambia. "Mgongo wenyewe huo, hata sufuria ya wali unaiinamia kwa awamu."

"Nakifikiria, dada."

"Unafikiria nini? Kilo mbili hizo! Ngazi mia mbili na kumi na nne! Utafika juu wewe au itafika taarifa yako?"

Mchana huo, Dengke alimleta mtoto uani wakati wa chakula, na Caixia akafanya kile anachokijua. Alifanya majaribio. Alimweka Yangyu kwenye kigari chepesi na kumsukuma kuzunguka marobota ya maboksi. Mtoto alilala. Lakini kiti cha kile chepesi hakilali chini. Kichwa kilimdondokea kifuani, na baada ya dakika kumi na moja akashtuka, akalia.

Akamhamishia kwenye kile kizito. Hicho kiti chake kinashuka hadi kunyooka kama kitanda. Alilala dakika hamsini. Caixia alichutama pembeni yake na kuanza kufungua na kufunga kifungo cha mkanda, akimtazama usoni. Ka! Mtoto akakunja uso. Caixia akatoa mfukoni kipande cha mshumaa, akapaka nta kwenye meno ya kifungo, akajaribu tena. Kikafunguka kimya. Kikafungwa kimya. Mtoto hakutikisika.

"Wewe, unakiharibu!" Dada Pang alimkemea. "Kifungo kisicholia kinarudishwa, umesahau kazi?"

"Kwenye chepesi hawezi kulala, dada."

"Si atalala kwenye treni mapajani mwako?"

"Kwenye treni, ndiyo." Caixia aliendelea kupaka nta. "Siyo treni ninayoiwazia."

Dada Pang aliacha kutafuna. Wanawake wa kule wanakotoka wote wawili wanalijua jambo hilo bila kuambiwa. Mama anayemwacha mtoto kwa bibi hamuagi. Anasubiri alale. Anaacha pembeni yake fulana yake aliyoivaa siku kadhaa bila kuifua, mtoto akiamka akute harufu, kisha anatoka. Wanaamini mtoto akimwona mama anaondoka, atalia siku tatu na homa itamshika.

"Ukimuaga akiwa macho, unarudi naye," anasema Dada Pang. "Mimi wa kwangu nilimwacha mwaka wa mbili elfu na sita, akiwa na mwaka mmoja. Nilikuwa na kitanda cha mianzi, kikinesanesa kinalia kama bata. Aliamka. Mama yangu alinishika mkono akanisukuma nje, akafunga mlango. Nilimsikia hadi barabarani."

Na sasa binti yuko wapi?

"Changsha. Anafanya kazi benki, kucha zake ndefu hivi." Anaonyesha kwa ganda la alizeti. "Ananipigia simu sikukuu. Anaongea na mimi kama anavyoongea na fundi umeme. Habari, asante, pesa nimetuma."

Anacheka. Mezani hakuna mwingine anayecheka.

Caixia alilipa yuan mia mbili na sitini kwa kile kizito.

Jumatatu jioni, katika ukumbi wa kusubiria treni Guangzhou, aliketi karibu na mwanamke kijana aliyevaa kofia pana ya ufukweni. Mwanamke huyo alikuwa na mtoto wa kike na kigari. Caixia alikitambua kabla hajaangalia mara mbili: kilo nne na nusu, kundi la mwezi Machi, breki zilizopitiwa na Dada Pang.

"Mimi nilisoma maoni ya watu wiki mbili kabla ya kununua," yule mwanamke alimwambia kwa furaha. "Hiki kinaingia hata kwenye ndege. Chako naona ni kizito kidogo, dada, hukupata ushauri?"

"Nilipata."

"Ukiwa safarini uzito ndiyo kila kitu. Sisi tunaenda baharini, Hainan. Ninyi mnaenda wapi?"

"Nyumbani. Guizhou."

"Oo, kuzuri! Mnarudi lini?"

"Mimi, Alhamisi."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto wake mkanda. Ka! Kisha, anasema Caixia, akakitazama kile kigari kizito na mtoto aliyekuwa ndani, na akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Alitoa pakiti mbili za biskuti za maziwa na kuziweka juu ya blanketi la Yangyu.

"Nilitaka kuzirudisha," anasema Caixia. "Halafu nikasema, vifungo vyake nimeshavipima bure, acha tule."

Treni ilikuwa viti vigumu na watu hadi chooni. Kigari kilikunjwa, kwa tusi lake, na kusukumwa chini ya kiti kati ya magunia mawili. Mzee mmoja alilalamika kwamba miguu yake haina pa kukaa.

"Binti, mtoto wako mfalme? Anasafiri na gari lake?"

"Gari lake na dereva wake, mzee. Dereva ndiye anayeumwa mgongo."

Mzee alicheka, akamshikia mtoto saa nzima ili dereva ajinyooshe sakafuni. Kilo zile mbili za ziada Caixia alizihisi kwenye kila kituo. Kwenye ngazi za mawe kijijini hakuweza kabisa. Jirani mmoja alishuka na kukipandisha kigari begani, na bibi wa mtoto akambeba Yangyu kwenye kikapu cha mgongoni, pamoja na kabichi mbili.

Bibi huyo, Wu Taifen, ana miaka sitini na mitatu na goti moja bovu. Alikizunguka kigari mara mbili.

"Caixia mwanangu, haya magurudumu ni ya nini? Huku kwetu hata kuku wanapanda ngazi."

"Ni cha kulalia tu, mama. Hapa uani."

Mama mkwe alikibonyeza kiti kwa kiganja, akaona kinavyonyooka. Akagusa kifungo. Akaisikia nta kwa kidole. Naye ni mama wa mtu anayefanya kazi mbali. "Haya," alisema. "Nitakitandika vizuri."

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Yangyu alikunywa uji wa mchele wenye yai, akasukumwa uani mbele na nyuma, akalala. Caixia alimwekea fulana shavuni. Alifungua mkanda ili usimbane, na kifungo kikafunguka kimya, kama alivyokipanga. Bibi alimpungia mkono kwa chini, kama mtu anayefukuza kuku: nenda, nenda.

"Nilishuka zile ngazi nikisubiri kusikia kilio," anasema. "Hakikuja. Nilisimama kwenye ya mia moja, nikasikiliza. Hakuna. Nikafika chini, hakuna. Kigari kilifanya kazi yake vizuri kabisa." Anakunja cha mezani, anakikunjua. "Mpaka leo bado nasubiri kukisikia."

Mambo yaliyofuata aliyajua kwa simu, na si kwa siku moja, maana bibi aliyatoa kidogo kidogo. Mtoto aliamka baada ya saa moja. Hakulia. Aliishika fulana, akaitazama, akatazama uani, akatazama mlango. Alikaa hivyo mpaka bibi akaogopa na kumchukua. Homa haikuja. Kilio nacho kilikuja siku ya nne, kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, na hakikunyamaza mpaka jioni.

Na tangu siku ile hajalala tena ndani ya kigari. Bibi akimlaza, anainuka. Akishusha kiti, anashika ukingo kwa mikono miwili na kukaa wima, macho kodo, hata akiwa anasinzia hadi kichwa kinayumba. Analala mgongoni mwa bibi, kwenye kikapu, na goti lile bovu.

"Mama hakutaka kuniambia," anasema Caixia. "Niliona mwenyewe kwenye video. Nyuma yake kigari kilikuwa kimeanikwa pilipili."

Alipoona hivyo alifanya nini?

"Nilimwambia mama, pilipili zimekuwa nyekundu vizuri."

Saa nne. Mapumziko ya dakika kumi. Simu ya Caixia inawaka dirishani, na sauti ya Bibi Wu inajaza chumba, kwa sababu Bibi Wu anaamini simu ikiwa mbali inabidi upige kelele.

"Caixia mwanangu! Leo ni gulio, nimempima kwa mizani ya yule muuza tangawizi! Kilo kumi nukta nne! Bila kikapu! Jana amekula mayai mawili na akataka langu! Ana meno sita, ameniuma!"

Chumba kizima kinacheka. Dada Pang anapiga meza. "Huyo siyo kiazi tena, huyo ni gunia!"

Caixia anacheka pia. Anasikiliza ujumbe mara ya pili, safari hii simu ikiwa sikioni. Kisha kicheko kinamwisha, na macho yanamwendea Bosi Mdogo, anayetikisika juu ya vigongo vyake. Kilo kumi na tano. Kila kigari kinachotoka hapa kina kibandiko kwenye fremu, anakibandika kwa mkono wake: mwisho kilo kumi na tano. Baada ya hapo fremu haina dhamana.

"Watu wengine wanahesabu miezi," anasema. "Mimi nahesabu kilo. Nikisikia amekula vizuri nafurahi, halafu nasema, taratibu baba, taratibu. Mama mwenye akili timamu anamwambia mtoto apunguze kula? Angalia nilipofika."

Mpango upo. Mitaa miwili kutoka getini kuna shule ya chekechea inayopokea watoto waliotimiza miaka miwili, yuan elfu moja na mia tano kwa mwezi pamoja na chakula. Yangyu anatimiza miaka miwili Agosti ijayo. Caixia amepiga hesabu kwenye ukuta wa chumba, kwa penseli: akiendelea hivi, Agosti atakuwa na kilo kumi na mbili na nusu. Bado kilo mbili na nusu kufikia kile kibandiko. Wamehamia chumba cha yuan mia nne na themanini, kisicho na dirisha. Dengke anapakua mizigo sokoni Jumapili.

Kinachotisha ni kiwanda chenyewe. Wiki hii mashine ya tatu ya vigongo imefunikwa plastiki, na plastiki haijafunuliwa. Dada Pang amepunguza kununua alizeti.

"Kikifungwa?" Dengke anajikuna kidevu. "Tutatafuta kingine. Vigari siyo kitu pekee duniani. Lakini kingine kisipokuwa karibu na chekechea, tunaanza upya. Kama yeye na mia tatu zake."

Caixia hataki kuongelea hilo. Anaongelea safari ya kurudi. Ameipanga hadi kwenye ngazi. Jirani atashusha kigari begani kama alivyokipandisha. Chini, kwenye lami, mtoto atawekwa humo humo, kiti kikiwa kimesimamishwa wima. Hatamsubiri alale. Atamsukuma mchana, akiwa ameamka, na atamwambia kila kitu: hili ni basi, hii ni treni, huyu ni mama, tunaenda Zhongshan.

"Na ile nta," anasema, "nitaitoa yote kwa maji ya moto. Nataka nikimfunga asikie."

Mapumziko yamekwisha. Mashine inasimama, na yeye anamfungua Bosi Mdogo, anamhamishia kigari kingine, mkono mmoja kiunoni. Anasukuma kifungo kwa kidole gumba.

Ka!

Anatia alama.